Kutafuta Kitovu cha Tetemeko la Ardhi kwa Rekodi za Vituo Vitatu: Mwongozo Kamili

Kazi ya kutafuta kitovu cha tetemeko kwa seismogramu tatu (rekodi za mtikiso wa ardhi), bikari na ramani huonekana nyepesi katika vitabu vya jiografia, ambamo maduara matatu, kila moja likichorwa kuzunguka kituo kwa umbali wake hadi kwenye tetemeko, hukutana daima katika nukta moja. Anayeijaribu kwa rekodi halisi hukuta mambo mengine. Maduara hayakutani kabisa, au yanaacha pembetatu kubwa inayomeza wilaya nzima, au yanakutana vizuri lakini mahali ambapo si penyewe.

Wanafunzi, walimu na wapenzi wa sayansi ya dunia wanaokwama katika kazi hii hukwama mahali palepale: katika saa, katika kuchagua wimbi la S (linalofika kituoni baada ya wimbi la P, na muda kati ya mawili hayo ndio unaotoa umbali), na katika kanuni ya umbali inayotumiwa nje ya mipaka yake. Mwongozo huu unashughulikia hayo kwa mpangilio, na unakaa zaidi pale ambapo watu huanguka zaidi.

Mfano utakaotuongoza ni tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Kwa mujibu wa Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS), kitovu chake kilikuwa takribani nyuzi 1.0 Kusini na nyuzi 31.6 Mashariki, upande wa wilaya ya Missenyi nchini Tanzania, kaskazini-magharibi mwa mji wa Bukoba, na kina chake kilikadiriwa kuwa kilomita 40. Nimelichagua kwa sababu lina ugumu wote ambao mfano wa kitabuni huuficha: lilikuwa na kina kirefu, na vituo vilivyolizunguka viko mbali kwa viwango tofauti sana.

## Mahitaji

Andaa vitu vyote kabla ya kuanza, kwa sababu kusimama katikati kutafuta ramani ndiko kunakowafanya watu wakisie.

- Rekodi za vituo visivyopungua vitatu, kila kimoja kikiwa na chaneli tatu: ya wima (Z), ya kaskazini-kusini (N) na ya mashariki-magharibi (E). Rekodi hizi hupatikana bure katika hifadhi ya EarthScope, iliyokuwa ikijulikana kama IRIS.
- Latitudo na longitudo ya kila kituo. Kituo cha Mbarara nchini Uganda (MBAR) kiko nyuzi 0.60 Kusini na 30.74 Mashariki. Kituo cha Kilimambogo nchini Kenya (KMBO) kiko nyuzi 1.13 Kusini na 37.25 Mashariki.
- Programu ya kuonyesha mawimbi. Swarm ya USGS inatosha kwa anayeanza, na anayejua kuandika lugha ya kompyuta ya Python atafaidika na programu ya ObsPy. Ukiwa na rekodi zilizochapishwa kwenye karatasi zenye alama za sekunde, kazi bado inawezekana.
- Ramani yenye mstari wa skeli uliochorwa, bikari, rula ya milimita, uzi usiovutika, penseli iliyochongwa vizuri, karatasi ya grafu na kikokotoo.
- Daftari la kuandikia kila wakati uliosoma pamoja na kiasi cha shaka yako.

Katika mwongozo huu, kiini ni mahali chini ya ardhi ambapo miamba ilianza kupasuka, na kitovu ni mahali juu ya uso wa ardhi palipo wima juu ya kiini hicho. Tofauti hii itakuwa na uzito mkubwa katika hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Chagua vituo vinavyolizunguka tetemeko

Vituo vitatu vilivyopangana karibu katika mstari mmoja havina faida ya vituo vitatu, kwa sababu maduara mawili hukatana katika nukta mbili, moja kila upande wa mstari unaounganisha vituo, na kituo cha tatu kilicho kwenye mstari uleule hakiwezi kuchagua kati ya nukta hizo.

Chukua Mbarara na Kilimambogo. Mstari unaoviunganisha unapita kaskazini kidogo ya kitovu cha Kagera, kwa hiyo maduara yao yanakatana mahali pawili: kwenye kitovu chenyewe upande wa Tanzania, na kwenye nukta pacha iliyo umbali wa kilomita 80 hivi kaskazini, jirani na mji wa Masaka nchini Uganda. Hesabu haina namna ya kukuambia kuwa Masaka si jibu. Kituo cha tatu ndicho kinachoamua, mradi kiwe nje ya mstari huo. Kilichoko pande za Lodwar, kaskazini mwa Kenya, kwa mfano, kitakuwa kilomita 650 hivi kutoka Missenyi lakini kilomita 580 tu kutoka Masaka, tofauti ambayo huwezi kuikosa hata ukiwa umesoma mawimbi kwa uzembe.

Onyo: usichague kituo kwa sababu rekodi yake ni nzuri tu. Kituo chenye kelele kiasi (mitikisiko midogo isiyotokana na tetemeko) lakini kilicho upande ambao huna kingine kinaweza kuwa na thamani kuliko chenye rekodi safi kilicho nyuma ya vingine.

Ishara ya mafanikio: ukichora mistari kutoka eneo unalodhani ndipo palipotokea tetemeko hadi kwenye kila kituo, pembe kubwa kuliko zote kati ya mistari miwili jirani haizidi nyuzi 180.

## Hatua ya 2: Weka rekodi zote katika saa moja

Hapa ndipo makosa makubwa kuliko yote hutokea, na hutokea kimyakimya. Seismomita zote (vyombo vinavyorekodi mtikiso wa ardhi) za mtandao wa dunia hurekodi kwa saa za dunia, yaani UTC. Tetemeko la Kagera lilitokea saa 9:27 alasiri kama tunavyosema wenyewe, ambayo saa ya simu huionyesha kama 15:27, na ambayo faili ya seismogramu huiandika 12:27. Msomaji wa Afrika Mashariki ana saa tatu za kuchanganya, na nimeona watu wakipakua rekodi ya saa 9:27 ya asubuhi kisha wakalalamika kwamba kituo hakikulisikia tetemeko.

Andika juu ya ukurasa wa daftari: muda wa UTC = saa ya Afrika Mashariki katika mfumo wa saa 24, toa 3. Kisha pakua rekodi kuanzia dakika mbili kabla ya tetemeko hadi dakika kumi baada yake. Dakika mbili za mwanzo ni muhimu, kwa sababu huwezi kutambua wimbi dogo linaloanza kama hujaona kelele ya kawaida ya kituo hicho kabla halijafika.

Baada ya hapo ondoa wastani wa rekodi ili mstari ukae kwenye sifuri, na uchuje taratibu. Kwa kituo kilicho ndani ya kilomita 200, masafa ya Hertz 1 hadi 10 (mitikisiko 1 hadi 10 kwa sekunde) yanafaa. Kwa kilicho mbali zaidi, anza na Hertz 0.5 hadi 5. Hifadhi nakala isiyochujwa, kwa kuwa uchujaji mkali hutengeneza mitikisiko midogo kabla ya wimbi halisi na kukufanya usome wakati wa mapema kuliko ukweli.

## Hatua ya 3: Soma wimbi la P kwenye chaneli ya wima

Wimbi la P husukuma na kuvuta miamba katika mwelekeo uleule linaosafiri. Kwa kuwa kasi ya mawimbi huongezeka kadiri ya kina, njia zao hupinda na kufika kituoni zikitokea chini, na ndiyo maana P huonekana wazi zaidi kwenye chaneli ya Z.

Kuza picha hadi uone sekunde tano tu kwa upana wa skrini. Tafuta mahali ambapo mstari unaacha kelele ya kawaida na kuelekea upande mmoja kwa uamuzi, juu au chini. Weka alama mwanzoni mwa badiliko hilo, wala si kwenye kilele cha kwanza, kwa sababu kilele huja baadaye kwa kiasi kinachotegemea kipindi cha wimbi, yaani muda wa mtikiso wake mmoja.

Andika wakati huo hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na kando yake andika shaka yako: 0.1 kama mwanzo ni mkali, 0.5 au zaidi kama unainuka polepole kutoka kwenye kelele. Shaka hizi utazihitaji mwishoni.

## Hatua ya 4: Soma wimbi la S kwenye chaneli za mlalo

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo inayostahili nusu ya muda wako.

Wimbi la S hutikisa miamba kwa upande, likikatisha njia linayosafiri. Likifika kutoka chini, mtikiso wake mwingi huwa wa mlalo, kwa hiyo funga chaneli ya Z na ufungue N na E kwa pamoja. S ni la polepole kuliko P, lina kipindi kirefu zaidi, na kwa kawaida lina kimo kikubwa zaidi. Linafika rekodi ikiwa bado inatikisika kutokana na mkia wa P, kwa hiyo usitegemee kuona mwanzo safi kama ule wa P. Unatafuta mahali ambapo tabia ya mstari inabadilika: mitikisiko inapanuka, inakuwa mirefu, na inafanya hivyo kwenye chaneli zote mbili za mlalo kwa wakati mmoja.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuchagua mawimbi makubwa kuliko yote na kuyaita S. Kwa kituo kilicho karibu, kosa hili halina madhara makubwa. Kwa kituo kilicho mamia ya kilomita, mawimbi makubwa katika bara letu huwa ni yale yanayonaswa ndani ya ganda la dunia na kusafiri kwa kasi ya kilomita 3.5 hivi kwa sekunde, ambayo wataalamu huyaita Lg. Wimbi la S linalopita juu ya mantili, tabaka lililo chini ya ganda, linaloitwa Sn, huwa limefika zamani, dogo na la haya, likiwa limefunikwa na mkia wa P.

Tazama ukubwa wa kosa hilo kwa Kilimambogo, kilomita 630 hivi kutoka Missenyi. P ilitarajiwa kufika kama sekunde 87 baada ya tetemeko, na Sn kama sekunde 153. Lg inafika kwenye sekunde ya 180. Anayesoma Lg akidhani ni S anaongeza sekunde 27, na kama atakavyoona katika hatua ya 5, umbali wake utapanda kutoka kilomita 630 hadi karibu 900. Hakuna bikari itakayoliokoa duara hilo.

### Kipimo cha kukagua: mchoro wa Wadati

Kabla ya kugusa ramani, kagua usomaji wako kwa njia iliyobuniwa na mwanasayansi wa Japani, Kiyoo Wadati. Chukua karatasi ya grafu. Kwenye mhimili wa mlalo weka wakati wa P wa kila kituo, na kwenye mhimili wa wima weka tofauti ya S na P ya kituo hicho. Kwa kuwa uwiano wa kasi ya P kwa kasi ya S katika miamba mingi hukaribia 1.73, nukta zote zinapaswa kulala kwenye mstari mmoja ulionyooka wenye mwinamo wa 0.73 hivi.

Kituo ambacho nukta yake imeruka juu ya mstari kina S iliyosomwa kwa kuchelewa, na mara nyingi hiyo ni Lg. Kilicho chini ya mstari kina S iliyosomwa mapema mno, au P iliyopotea katika kelele ikasomwa kwa kuchelewa. Rudi kwenye rekodi ukaangalie upya, lakini usisogeze alama ili kuifurahisha grafu tu. Kama huoni sababu yoyote ndani ya mawimbi yenyewe ya kuisogeza, iache ilivyo na uongeze shaka.

Mchoro huu una zawadi ya pili. Mahali ambapo mstari unakata mhimili wa mlalo, yaani tofauti ya S na P inapokuwa sifuri, ndipo wakati ambao tetemeko lilitokea kwenye kiini. Uandike. Kwa maoni yangu hakuna mchoro mwingine katika sayansi hii unaotoa mengi hivyo kwa kazi ndogo, na inasikitisha kwamba masomo mengi ya shule huuruka.

Ishara ya mafanikio: nukta zote ziko ndani ya sekunde mbili kutoka kwenye mstari, na mwinamo uko kati ya 0.68 na 0.80.

## Hatua ya 5: Geuza sekunde kuwa kilomita kwa kanuni inayofaa

Kanuni ambayo karibu kila mtu anaijua ni ya kuzidisha tofauti ya S na P kwa 8 au 8.4. Ni kanuni ya kweli, na ni muhimu kujua inatoka wapi ili ujue inaishia wapi.

Kama P inasafiri kilomita 6.0 kwa sekunde na S kilomita 3.5 kwa sekunde ndani ya ganda la dunia, umbali ni tofauti ya sekunde mara (6.0 × 3.5) ÷ (6.0 − 3.5), yaani mara 8.4. Kasi hizo ni za ganda. Zaidi ya kilomita 150 hadi 200, wimbi linalofika kwanza si tena lile lililopita ndani ya ganda moja kwa moja, bali ni lile lililozama hadi juu ya mantili, likakimbia huko kwa kilomita 8 kwa sekunde, kisha likapanda. Kanuni ya 8.4 haimhusu msafiri huyo.

Tumia mpangilio huu:

1. Kama tofauti ya S na P ni chini ya sekunde 20, zidisha kwa 8.4. Jibu ni umbali hadi kwenye kiini, si hadi kwenye kitovu.
2. Kama tofauti iko kati ya sekunde 25 na 100, toa 5 kwanza, kisha zidisha kinachobaki kwa 10.3. Kanuni hii inachukulia ganda lenye unene wa kilomita 38 hivi na kasi za 8.0 na 4.5 katika mantili ya juu, na jibu lake ni umbali wa juu ya ardhi.
3. Kati ya sekunde 20 na 25, fanya hesabu zote mbili na uchukue wastani.
4. Zaidi ya sekunde 100, acha kanuni za mkono na utumie jedwali la muda wa kusafiri kama IASP91, kwa sababu njia za mawimbi zinazama ndani ya mantili na kasi inabadilika njiani.

Kwa Mbarara, kiini chenye kina cha kilomita 40 kinaleta tofauti ya sekunde 13.8 hivi. Mara 8.4, unapata kilomita 116. Kwa Kilimambogo tofauti ni sekunde 66. Toa 5, zidisha kwa 10.3, unapata kilomita 628. Mtu aliyezidisha 66 kwa 8.4 anapata kilomita 554, pungufu kwa zaidi ya kilomita 70, na duara lake halitagusa Kagera bali litaishia ndani ya Ziwa Victoria. Wengi walioletewa jibu la ziwani na maduara yao walisoma mawimbi vizuri kabisa. Kanuni ndiyo iliyowaangusha.

## Hatua ya 6: Chora maduara

Usiamini uwiano wa skeli ulioandikwa kwenye ramani iliyochapishwa kutoka kwenye simu au iliyotolewa kopi, kwa sababu mashine hupunguza au kukuza picha ili ienee kwenye karatasi, na namba ya uwiano inabaki ileile. Pima mstari wa skeli kwa rula kila mara. Kama ramani haina mstari huo, pima nyuzi moja ya latitudo, ambayo ni kilomita 111.

Katika skeli ya 1:5,000,000, sentimita moja ni kilomita 50, kwa hiyo duara la Mbarara lina nusu kipenyo cha sentimita 2.3 na la Kilimambogo sentimita 12.6. Ukitumia ramani kubwa zaidi, la pili litashinda uwezo wa bikari ya shule. Funga uzi kwenye penseli, shikilia ncha nyingine kwenye kituo, na uchore tao la eneo unalolihitaji tu. Hakikisha uzi hauvutiki, na uupime ukiwa umenyooshwa kwa nguvu ileile utakayotumia kuchora.

Karibu na ikweta, makosa ya mduara wa dunia kwenye ramani ya ukubwa huu ni madogo kuliko upana wa shaka zako. Kwa vituo vilivyo zaidi ya kilomita 1,000, achana na bikari na uhesabu kwa programu.

Ishara ya mafanikio: maduara matatu yanapita karibu karibu katika eneo moja, yakiacha pembetatu ndogo. Yakikutana katika nukta moja kamili kwenye jaribio la kwanza, kagua upya, kwani huenda uliisogeza bikari bila kujua ili yakutane.

## Hatua ya 7: Isome pembetatu

Pembetatu iliyobaki kati ya maduara ina habari ndani yake, na kuweka nukta katikati yake kwa macho ni kuitupa habari hiyo.

Jiulize kwanza kama maduara yamepishana au yameachana. Maduara yaliyoachana, yaani yasiyogusana, yanaonyesha umbali uliopungua: kanuni ya 8.4 imetumika mahali pasipo pake, au S imesomwa mapema. Maduara yaliyopishana sana yanaonyesha umbali uliozidi, na kwa matetemeko ya ukanda wetu wa Bonde la Ufa chanzo kimojawapo cha hilo ni kina.

Kumbuka kwamba umbali wa kilomita 116 kutoka Mbarara ulikuwa hadi kwenye kiini. Umbali wa juu ya ardhi ni kilomita 109. Kilomita hizo saba zinaonekana chache, lakini mahali duara la Mbarara linapolikata la Kilimambogo, zinakisogeza kitovu kilomita 13 hivi kuelekea kusini. Kwa Kilimambogo kina hichohicho hakibadilishi chochote cha maana: nusu kipenyo cha kilomita 630 kingekuwa 631. Kituo cha karibu ndicho kinachohisi kina, na kwa hiyo duara lake ndilo la kupunguzwa.

Ukiwa na vituo vitatu vya karibu, vyote ndani ya kilomita 150, fanya hivi:

1. Chora maduara matatu kwa umbali wa hadi kwenye kiini, bila kuyapunguza. Yatapishana.
2. Kwa kila jozi ya maduara, unganisha kwa mstari ulionyooka nukta mbili ambazo yanakatana.
3. Mistari mitatu utakayopata itapita katika nukta moja au karibu nayo. Hapo ndipo kitovu.
4. Pima umbali kutoka kituo kimoja hadi kwenye kitovu hicho. Uzidishe kwa wenyewe, ukitoe kipeo hicho kutoka kwenye kipeo cha pili cha nusu kipenyo cha duara, kisha tafuta mzizi wa kipeo cha pili wa kinachobaki. Jibu ni kina.

Kwa namba za Mbarara: 116 × 116 = 13,456, na 109 × 109 = 11,881. Tofauti ni 1,575, na mzizi wake wa kipeo cha pili ni 39.7. Kina ni kilomita 40.

Onyo zito: usikitangaze kina hicho bila shaka zake. Kosa la nusu sekunde tu katika kusoma S linabadilisha nusu kipenyo kwa kilomita 4.2. Kwa mfano huu, kina kinaweza kusomeka 25 au 51 kwa kosa hilohilo dogo. Kitovu husogea kilomita chache, lakini kina huyumba vibaya, na hii ndiyo sababu hata taasisi kubwa hurekebisha kina cha tetemeko siku nyingi baada ya tangazo la kwanza.

## Hatua ya 8: Kadiria ukubwa

Hatua hii ni fupi kwa sababu vifaa vyako havitoshi kuifanya vizuri. Kipimo cha Richter kiliwekwa kwa chombo maalumu cha California, ambapo kimo cha wimbi cha milimita moja kwa umbali wa kilomita 100 ni ukubwa wa 3.0. Kila namba moja zaidi ni kimo mara 10 na nishati mara 32 hivi. Programu kama ObsPy inaweza kuigeuza rekodi yako iwe kana kwamba ilitoka kwenye chombo hicho.

Mawimbi hayapungui nguvu kwa kiwango kimoja kila mahali, na jedwali la California likitumika hapa linaleta jibu lililopinda. Tanzania ina masahihisho yake yaliyochapishwa mwaka 1998, na ni hayo ya kutumia. Tena usichanganye ukubwa na ukali: ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima, na ukali ni madhara ya mahali fulani, yanayotegemea umbali, udongo na namna nyumba zilivyojengwa.

## Hatua ya 9: Linganisha, kisha andika

Baada ya kumaliza, wala si kabla, fungua orodha ya USGS au ya Kituo cha Kimataifa cha Seismolojia (ISC) na ulinganishe. Anayeangalia jibu mapema husoma S pale jibu linapomtaka aisome.

Kwa kazi ya mkono yenye vituo vitatu, kitovu kilicho ndani ya kilomita 20 hadi 30 kutoka kwenye kile kilichotangazwa ni kazi nzuri. Wakati wa kutokea unapaswa kuwa ndani ya sekunde tatu. Kama umezidi hapo, usianze upya yote. Kagua kwa utaratibu huu, kwa kuwa unaanzia kwenye makosa yanayotokea sana:

1. Je, kanuni ya umbali ililingana na sekunde zako, hasa kwa vituo vya mbali?
2. Je, kuna kituo kilichoruka kwenye mchoro wa Wadati, ukakiacha kipite?
3. Je, ulipima mstari wa skeli kwa rula, au ulichukua namba iliyoandikwa?
4. Je, nukta uliyoichagua ni pacha iliyo upande wa pili wa mstari wa vituo?
5. Je, latitudo za vituo vilivyo kusini mwa ikweta uliziandika na alama ya kutoa ulipoziingiza kwenye programu?

Katika daftari andika kitovu pamoja na shaka yake kwa kilomita, wakati wa kutokea kwa UTC, vituo vilivyotumika, kila wakati wa P na S, kanuni ya umbali kwa kila kituo, na kina kama tu ulikuwa na angalau kituo kimoja kilicho karibu kuliko mara mbili ya kina hicho. Bila kituo cha karibu kiasi hicho, acha nafasi ya kina wazi. Kwa Kagera, kituo cha aina hiyo kingehitajika ndani ya kilomita 80 kutoka Missenyi, na Mbarara iko nje ya mpaka huo, kwa hiyo kina cha 39.7 tulichokipata katika hatua ya 7 kinabaki kuwa zoezi la hesabu na hakiingii kwenye mstari wa matokeo.